Historia Iliyofuata Dume: Vimelea, Utupaji Mimba na Ng'ombe wa Maziwa katika Milima ya Mgeta, Morogoro

Utangulizi

Katika historia iliyoandikwa kuhusu mifugo ya Afrika Mashariki, ng'ombe amehesabiwa zaidi alipokufa kuliko aliposhindwa kuzaliwa. Helge Kjekshus (1977) aliipa sotoka ya miaka ya 1890 nafasi kubwa katika hoja yake kuhusu kuporomoka kwa uwezo wa jamii kudhibiti mazingira yao. John Ford (1971) alifuata nyayo za mbung'o na nagana katika bara zima. James Giblin (1992) alionesha jinsi wakulima wa kaskazini-mashariki mwa Tanzania walivyopoteza njia zao za zamani za kuishi na maradhi ya mifugo bila kuangamizwa nayo. Hakuna mtafiti wa uwanja huu anayeweza kuzipita kazi hizo. Hata hivyo, zote zinaanza na mzoga. Kijusi kilichotoka usiku katika mwezi wa tano wa mimba, kikaliwa na mbwa kabla ya alfajiri, hakiachi mzoga wa kuhesabiwa wala hakiingii katika taarifa ya bwana mifugo. Mara nyingi mwenye ng'ombe hutambua tu kwamba jike aliyedhaniwa kuwa na mimba amerudi kwenye joto.

Makala hii inahusu hasara hiyo isiyo na mzoga. Inafuatilia jinsi vimelea vinavyoharibu uzazi wa ng'ombe wa maziwa vilivyokuja kujulikana, tangu Robert Koch alipochungulia damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam mwaka 1897 hadi uchunguzi wa miaka ya karibuni wa utupaji mimba kaskazini mwa Tanzania, na inaisoma historia hiyo kutokea Mgeta, kwenye mteremko wa magharibi wa Milima ya Uluguru. Hoja inayojengwa ni kwamba taasisi za mifugo, za kikoloni na za baada ya uhuru, zilitafuta chanzo cha hasara ya uzazi katika njia mbili: kupe na mbung'o kwa upande mmoja, na dume kwa upande mwingine. Njia hizo zilikuwa za kweli, na hatua zilizochukuliwa dhidi yake ziliokoa mifugo mingi. Lakini kimelea kilichokuja kutambuliwa baadaye kuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya utupaji mimba kwa ng'ombe wa maziwa duniani, Neospora caninum, hupita kwa mama na kwa mbwa. Kumbukumbu zilizotunzwa kwa kufuata dume haziwezi kukiona.

Mgeta haikuchaguliwa kwa wingi wa ng'ombe wake, kwa maana ng'ombe huko ni wachache. Imechaguliwa kwa sababu mazingira yake yanaondoa maelezo ya kawaida moja baada ya jingine. Miinuko ya juu ya tarafa hiyo iko nje ya makazi ya kawaida ya mbung'o. Jike anayelishwa bandani kwa majani ya kukatwa hakutani na kundi la jirani malishoni. Akipandishwa kwa mrija wa mbegu, hakutani na dume pia. Ng'ombe wa namna hiyo akitupa mimba, mtafiti hana budi kuuliza habari za mama yake na za mbwa wa nyumba.

Jina lililofunga swali

Kiswahili kinatofautisha hasara ya mwanamke na hasara ya mnyama. Kwa mwanamke husemwa kwamba mimba imeharibika au imetoka; kwa ng'ombe husemwa kwamba ametupa mimba. Kitenzi hicho kinambebesha ng'ombe kitendo ambacho hakukitenda, na pengine ndiyo sababu uamuzi wa haraka wa wenye mifugo wengi ni kumuuza jike huyo mnadani, ambako tatizo hununuliwa na mwingine. La muhimu zaidi kwa historia ni kwamba maneno ugonjwa wa kutupa mimba yamekuwa jina la ugonjwa mmoja tu, brusela, unaosababishwa na bakteria. Brusela imo katika kumbukumbu za mifugo za Tanganyika tangu mwaka 1927, ilipotajwa Arusha, na ilistahili kupewa uzito: humwingia binadamu kwa maziwa yasiyochemshwa na kwa mikono inayomsaidia mnyama kuzaa. Lakini dalili ilipogeuzwa kuwa jina la kisababishi kimoja, swali lilifungwa. Ng'ombe aliyetupa mimba na kupimwa damu akakutwa hana brusela alibaki bila ugonjwa, kwa kuwa jina la ugonjwa lilikuwa limekwisha kutumika.

Kuna njia ya kuyasoma maandishi ya zamani bila kulitegemea jina hilo, nayo ni kuangalia mwezi wa mimba. Brusela kwa kawaida hutoa kijusi katika theluthi ya mwisho ya mimba. Tritrichomonas foetus, kimelea cha njia ya uzazi kinachoenezwa kwa kupandana, huua kiinitete mapema, mara nyingi kabla ya mwezi wa nne, hata mfugaji akadhani jike hakushika mimba kabisa. Neospora hutoa kijusi wakati wowote kuanzia mwezi wa tatu, lakini zaidi katika mwezi wa tano na wa sita. Homa kali za kupe hutoa mimba ya umri wowote, na ng'ombe mwenyewe huonekana mgonjwa. Mwezi peke yake hauthibitishi kisababishi, na mtafiti anayeutumia kama hukumu atakosea. Unachofanya ni kupunguza watuhumiwa. Kwa bahati mbaya ni kipengele ambacho taarifa za kiutawala hukiacha; hutaja idadi ya vifo na idadi ya waliochanjwa, na kuyaacha yaliyotokea kati ya kupandishwa na kuzaa.

Mgeta: ardhi ya mama, ngazi za mboga na banda

Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Roland Young na Henry Fosbrooke (1960) walieleza jinsi ardhi ya ukoo ilivyosimamiwa na wakuu wa koo, na jinsi utawala wa Kiingereza ulivyoshindwa kuuelewa mfumo huo ulipojaribu kuwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi chini ya mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru ulioanza kuelekea mwaka 1950. Mpango huo ulivunjika mwaka 1955 baada ya ghasia za Matombo, upande wa mashariki wa milima. Upande wa Mgeta hali ilikuwa tofauti, kwa sababu ngazi za mboga za kumwagilia zilikuwa na faida ambayo mtu aliiona sokoni. Kabichi, viazi mviringo, karoti na njegere ziliifungamanisha Mgeta na Morogoro mjini, kisha na Dar es Salaam. Jan Kees van Donge (1992) aliwafuata wafanyabiashara wa Kiluguru kutoka milima hii hadi masoko ya jiji, na uchambuzi wake unabaki kuwa mojawapo ya kazi bora kuhusu uchumi wa wakulima wadogo nchini.

Mboga zinahitaji mbolea, na mashamba ya mteremko hayana nafasi ya malisho. Hapo ndipo mfugo wa bandani ulipopata kazi. Nguruwe na mbuzi walitangulia. Ng'ombe wa maziwa alibaki mali ya wachache, kwa kuwa hula sana na kumbebea majani mlimani ni mzigo wa kila siku, unaoangukia zaidi mabega ya wanawake na watoto. Majani ya tembo na majani ya Guatemala hupandwa kwenye kingo za ngazi, yakashika udongo na kulisha mnyama. Mabaki ya kabichi na mabua ya mahindi huongezwa, na samadi hurudi shambani. Katika mzunguko huu maziwa ni faida ya juu. Jike aliyetupa mimba huendelea kutoa samadi, na ndiyo maana kaya inaweza kumvumilia mwaka mzima bila kukiri kwamba imepata hasara.

Mnyama aliyeitambulisha Mgeta katika ulimwengu wa utafiti wa maziwa ni mbuzi. Katika miaka ya 1980, kwa ushirikiano na Norwei, mbuzi wa maziwa wa Kinorwei waliletwa Morogoro kupitia kitivo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 1984, na baadaye wakapelekwa kwa wakulima wa Mgeta. Baridi ya milimani iliwafaa, na Mgeta ikawa mahali ambapo mikoa mingine hununua mbuzi wa mbegu. Jambo hili lina uzito kwa hoja ya makala hii. Milima iliyotuma mboga sokoni ilianza pia kutuma majike ya kuzalisha, na jike husafiri na kila kilichomo mwilini mwake.

Kupe, mbung'o na dume

Historia ya vimelea vya ng'ombe katika nchi hii inaanza na kosa la mtu mashuhuri. Koch alifika Dar es Salaam mwaka 1897 na kukaa hadi mwaka uliofuata. Katika damu ya ng'ombe wa pwani aliona vijiti na vipete vidogo ndani ya seli nyekundu, akadhani ni hatua changa ya kimelea cha homa ya Texas, ugonjwa uliokwisha kujulikana Marekani kuwa huenezwa na kupe. Miaka michache baadaye, ng'ombe walipokufa kwa wingi Rhodesia na Afrika Kusini, ilibainika kwamba kile alichokiona kilikuwa kitu kingine. Arnold Theiler alikieleza mwaka 1904 kuwa kimelea cha peke yake, ambacho leo kinaitwa Theileria parva, kisababishi cha ndigana kali. Koch alikuwa na hadubini nzuri na jicho lililozoea. Kilichompotosha ni kuwa na jina tayari kabla ya kukiangalia kitu chenyewe.

Ndigana kali iliitawala sera ya mifugo kwa karne nzima. Josho likawa alama ya serikali katika nchi za wafugaji kama vile shule na zahanati, na ng'ombe wa kigeni au chotara hakuweza kufikiriwa bila dawa ya kupe. Kwa upande wa uzazi, ndigana kali na mkojo mwekundu husababisha kutupa mimba hasa kwa sababu ya homa na udhaifu wa mama. Mimba hapa ni hasara ya pili, inayofichwa na ile ya kwanza. Nagana huenda mbali zaidi. Trypanosoma huvuruga mzunguko wa joto, hutoa mimba, huzaa ndama dhaifu na huharibu korodani za dume. Katika nyanda za chini za Morogoro, kuelekea Mikumi, mambo hayo hayawezi kuwekwa kando, na ng'ombe anayenunuliwa huko akapandishwa Mgeta anaweza kufika na nagana mwilini. Lakini mtamba aliyezaliwa na kukulia bandani katika vijiji vya juu ana historia nyingine.

Josho lilikuwa jibu la kupe. Jibu la dume lilikuwa uhimilishaji. Tritrichomonas foetus, iliyopewa jina hilo na Riedmüller mwaka 1928, ni kimelea kinachoishi katika ngozi ya uume wa dume bila kumdhuru. Dume mmoja mwenye afya njema machoni pa watu wote anaweza kuwaacha majike wa kijiji kizima wakirudi kwenye joto mwezi baada ya mwezi. Ulaya na Marekani uhimilishaji, uliosambaa katikati ya karne ya 20, ulikaribia kukifuta kimelea hicho katika makundi ya maziwa, na ulipunguza maradhi mengine ya kupandana. Tanzania ilijenga kituo chake cha taifa cha uhimilishaji Usa River, mkoani Arusha, katika miaka ya 1980. Palipokosekana mtaalamu, nitrojeni ya kimiminika au barabara ya kupitika masika, miradi iliweka dume bora wa kijiji. Uamuzi huo ulieleweka, ingawa kwa upande wa maradhi ya uzazi ulikuwa kurudi kulekule.

Pamoja na mbegu ilikuja namna ya kutunza kumbukumbu. Mrija wa mbegu una jina au namba ya dume, na mhimilishaji huandika tarehe, jike aliyehudumiwa na dume aliyetumika. Lengo ni kuepusha kuzaliana kwa ndugu na kufuatilia ubora wa maziwa, na kwa lengo hilo mfumo unafaa. Umeifanya hata hivyo historia ya ng'ombe wa mfugaji mdogo kuwa historia ya baba. Inawezekana kujua kwamba mtamba fulani ni binti wa dume wa Friesian aliyeishi mamia ya kilomita kutoka Mgeta, huku habari za mama yake zikiwa zimeishia pale alipouzwa. Katika nchi ambayo watu wenyewe huulizana ukoo kwa mama, hilo ni jambo la ajabu kidogo.

Mbwa wa Norwei na ng'ombe wa New Mexico

Mwaka 1984, ule ule ambao chuo cha Morogoro kilipata hadhi yake kamili, Bjerkås na wenzake nchini Norwei walichapisha habari za watoto wa mbwa wa aina ya Boxer waliopooza miguu na kufa. Katika ubongo na misuli yao kulikuwa na kimelea kilichofanana na Toxoplasma lakini hakikuitika vipimo vyake. Mwaka 1988 J. P. Dubey na wenzake, Marekani, walikitenga na kukipa jina Neospora caninum, na sampuli zilizohifadhiwa zilipochunguzwa upya kilikutwa katika mbwa aliyekufa Marekani mwaka 1957. Kilikuwapo siku zote, kikiitwa jina la jirani yake. Mwaka 1989 Thilsted na Dubey walikitaja katika vijusi vya ng'ombe wa maziwa huko New Mexico, na katika muongo mmoja tu kilitambuliwa katika nchi nyingi zenye ufugaji wa maziwa. Mwaka 1998 McAllister na wenzake walithibitisha kwamba mbwa ndiye mwenyeji anayetoa vijiyai vya kimelea hicho katika kinyesi chake.

Kukutana kwa Norwei, mwaka 1984 na mbuzi wa Mgeta ni sadfa, na hakuna msingi wa kuugeuza kuwa tuhuma. Kimelea hiki kiko duniani kote. Funzo la miaka hiyo kwa mwanahistoria ni la kronolojia. Madaktari wa mifugo waliofunzwa Morogoro kabla ya mwaka 1989, na mabwana mifugo waliofunzwa na hao, walifanya kazi wakati ugonjwa huu kwa ng'ombe haukuwa na jina popote. Kuwalaumu kwa kutouona ni kuwahukumu kwa maarifa ya baadaye. Swali la haki zaidi linahusu miaka iliyofuata: kwa nini maarifa yalichelewa kufika bandani?

Sehemu ya jibu iko kwa mbwa. Serikali inamjua mbwa kwa meno yake. Kampeni, chanjo na sheria zinazomhusu ni za kichaa cha mbwa, na umuhimu wake hauna ubishi. Kinyesi chake hakijawahi kuwa jambo la sera. Mgeta, ambako mashamba yanapakana na msitu na mkulima hupambana na nguruwe pori na tumbili, mbwa ni mlinzi wa mazao. Huzunguka kwenye ngazi za majani, hulala kwenye rundo la malisho yaliyokatwa, na ng'ombe akizaa au akitupa mimba hupewa kondo la nyuma au hulichukua mwenyewe. Kwa tendo hilo mzunguko unakamilika: mbwa hula tishu yenye kimelea, hutoa vijiyai, vijiyai hukaa kwenye majani mabichi, na majani huletwa bandani kwa kichwa. Ng'ombe aliyefungwa ndani ili aepushwe na maradhi ya malishoni hupelekewa maradhi hayo katika hori. Baridi na unyevu wa milimani, mambo yaliyowafaa mbuzi wa Norwei, huvifaa pia vijiyai vya vimelea, ambavyo hufa upesi katika joto na ukavu.

Sehemu nyingine ya jibu ni jiografia ya utafiti. Uchunguzi wa mbwa wa nchi mbalimbali uliochapishwa mwaka 1997 ulijumuisha mbwa wa Tanzania na kukuta kingamwili za Neospora. Kwa Toxoplasma, Schoonman na wenzake (2010) walichunguza ng'ombe wa Tanga. Semango na wenzake (2019) walipima damu ya ng'ombe wa mikoa ya kaskazini na kuonesha uhusiano kati ya kingamwili za Neospora na historia ya kutupa mimba. Kisha, kati ya mwaka 2017 na 2019, uchunguzi mpana wa matukio ya kutupa mimba katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara uliwategemea maofisa mifugo wa kata kutoa taarifa mara tu tukio linapotokea. Neospora ilikuwa miongoni mwa visababishi vilivyoonekana mara nyingi. Jambo lililoufanikisha ni la kawaida kabisa: simu, ofisa aliyefika haraka, na ute uliochukuliwa ukeni mwa mama kabla kijusi hakijaoza au hakijaliwa. Kwa hiyo utaalamu wa maabara haukuwa kikwazo pekee wala kikubwa. Kikwazo kilikuwa muda kati ya kijusi kudondoka na mtu kuarifiwa, na barabara ya Mgeta wakati wa masika huurefusha muda huo kuliko mahali pengi.

Mbuzi wanahitaji neno fupi la peke yao. Kwao Toxoplasma gondii ina uzito mkubwa kuliko kwa ng'ombe, ambaye huihimili vizuri. Mwenyeji wake ni paka, na jambo hilo lilithibitishwa kuelekea mwaka 1970, zaidi ya miaka 60 baada ya Nicolle na Manceaux kukieleza kimelea hicho mjini Tunis. Paka hufugwa kulinda mahindi dhidi ya panya. Mbuzi akitupa mimba kwa sababu hiyo, mwanamke mjamzito anayemsaidia bila glavu naye yumo hatarini. Hapa kitenzi cha mnyama na kitenzi cha mwanamke vinaweza kukutana katika nyumba moja, kwa kimelea kimoja.

Mtamba wa deni

Njia iliyomfikisha ng'ombe wa maziwa kwa kaya nyingi zisizo na fedha nchini ni mkopo wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Wazo lake linahusishwa na shirika la Heifer Project la Marekani, lililopeleka shehena yake ya kwanza ya mitamba mwaka 1944. Nchini Tanzania limetumiwa na shirika hilo, na makanisa na na miradi mingi ya wafugaji wadogo, kwa ng'ombe na kwa mbuzi. Kaya hupewa mtamba, mara nyingi mwenye mimba, na hulipa kwa kutoa ndama jike wa kwanza kwa kaya nyingine. Hakuna riba wala benki. Katika jamii za milimani, ambako mikopo ya fedha imewahi kuwapotezea watu mali, utaratibu huu uliaminika kwa sababu mdaiwa na anayesubiri ni majirani.

Ukiutazama utaratibu huo kwa jicho la Neospora, unaonekana kana kwamba ulitungwa kwa ajili yake. Kimelea hiki hakiambukizwi na ng'ombe mmoja kwa mwingine wanaokaa pamoja. Njia yake kuu ndani ya kundi ni kutoka kwa mama kwenda kwa kijusi. Wengi wa ndama wa mama aliyeambukizwa huzaliwa hai, wazima machoni, nao wamekwisha kuambukizwa. Wakikua na kushika mimba hukipitisha tena. Madume huuzwa au kuchinjwa na njia yao huishia hapo. Majike hubaki, na mkataba unachagua majike. Zaidi ya hayo, utafiti wa Thurmond na Hietala (1997) huko California ulionesha kwamba hatari ya kutupa mimba kwa ng'ombe waliozaliwa na maambukizi huwa kubwa zaidi katika mimba yao ya kwanza. Mimba ya kwanza ndiyo yenye ndama wa deni.

Hesabu ya kaya inaweza kufanywa bila takwimu yoyote ya kubuni. Mtamba aliyepandishwa na kutupa mimba mwezi wa tano huchukua miezi miwili hivi kurudi kwenye joto na kushika tena, kisha miezi tisa ya mimba. Ni miezi 16 tangu kupandishwa mara ya kwanza hadi siku ya kukamua, endapo mimba ya pili itashika na kukaa. Kwa miezi yote hiyo majani yamebebwa kila siku. Ndama atakayezaliwa ana nusu ya nafasi ya kuwa dume, na akiwa dume deni husubiri tena. Jirani anayesubiri naye anahesabu miezi. Katika hali hiyo maelezo ya kijamii huja kabla ya maelezo ya maabara: mwenye ng'ombe alimnyima chakula, au amemficha ndama, au ana mkono mbaya na mifugo. Historia ya miradi ya maziwa imezoea kuandika kushindwa kulipa kama tatizo la mwamko au la uaminifu. Baadhi ya kushindwa huko huenda kulikuwa vijusi.

Ubaya wa kimelea hiki kwa watunga sera ni kwamba hakina dawa ya kumponya ng'ombe wala chanjo inayotegemeka, na kumchinja kila jike mwenye kingamwili ni ushauri ambao mwenye ng'ombe mmoja hawezi kuufuata, wala hapaswi, kwa kuwa wengi wa majike hao huzaa na kukamuliwa kama wengine. Kinachowezekana kiko katika mambo madogo: kondo la nyuma na kijusi kufukiwa kwa kina ambacho mbwa hafukui, malisho kuwekwa juu ya uchaga, na mama kuandikwa. Binti wa jike mwenye maambukizi anaweza kubaki na kukamuliwa kwa mwenyewe, huku deni likilipwa kwa binti wa jike mwingine.

Hilo la mwisho lingehitaji mkataba wa kopa ng'ombe uwe na mstari mmoja zaidi, wa jina la mama na matokeo ya damu yake, na ndama mwenyewe apimwe kabla ya kukabidhiwa. Kipimo hicho kina sharti la muda. Ndama aliyenyonya dang'a huwa na kingamwili za mama yake katika damu kwa miezi kadhaa, na akipimwa mapema atahesabiwa mwenye maambukizi hata kama hana. Ni lazima afikishe miezi sita hivi. Jirani anayesubiri atalazimika kuongeza miezi hiyo juu ya ile aliyokwisha kuihesabu.